Ndiva Yetu Kwenye Sinema

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata miaka ile ya Ujamaa, kijana mwenye cheti cha kidato cha nne, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kibarazani. Kwa hiyo baba aliposema tunashuka mlima mpaka Hedaru kutazama sinema, magoti yaliniuma kabla sijasimama.

"Twende, msomi," alisema. "Wanaonyesha historia ya ndiva yetu."

Ndiva ni bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, na kwetu Upareni ukoo ulioichimba ndio hufungua maji kwanza. Yetu ilichimbwa na babu, baba hajaota hata meno. Sasa kamati ya kijiji ilitaka kupanga zamu upya, ikidai bwawa ni la wote. Baba aliitaka zamu yake ya kwanza, na shahidi aliyemtegemea ni hiyo sinema, iliyopigwa kwetu miaka michache nyuma.

"Watu hudanganya," alisema njiani. "Picha itadanganyaje?"

Jua lilipozama, watu wa gari la sinema walitundika shuka jeupe sokoni. Tulikaa chini, nyuma ya mwenyekiti wa kijiji. Sauti nene ikaeleza kwamba zamani wananchi wa milima hii hawakuwa na maji ya kumwagilia. Walipopata Uhuru wakashikana mikono, wakachimba bwawa. Vijana wakaonekana wakichimba huku wanacheka. Wa mbele kabisa, aliyeshika jembe kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani, nilikuwa mimi.

"Kumbe huyu amewahi kushika jembe," mwenyekiti alisema, na watu wakacheka. Baba hakucheka.

"Mlikuwa mnafanya nini pale?" akaninong'oneza.

"Tunazoa tope, baba. Ule msaragambo wa kusafisha." Msaragambo ni kazi ya pamoja; pembe ikilia kila nyumba hutoa mtu, hata nyumba yenye mtu kama mimi.

"Mbona udongo mkavu?"

Nikatazama. Kweli, mkavu. Nilijaribu kukumbuka tope, nikaona vumbi. Nilitafuta kichwani ukuta wa mawe ambao babu aliuzungushia ndiva, nikapata kilekile kilichokuwa kwenye shuka. Leo nadhani tope lilikauka tukiwangoja wapiga picha. Nadhani.

Kwenye kikao cha kijiji baba alinisimamisha. Niliwaamkia wazee shikamoo, nikakohoa kisomi.

"Wewe ulikuwepo," mwenyekiti alisema. "Mlichimba au mlisafisha?"

Neno moja lilitosha. Mimi nikasema, "Nakumbuka tulisafisha, ila kwenye picha tunachimba."

"Tushike lipi?"

"Hapo ndipo sielewi, mzee."

Zamu ya kwanza ikaenda kwa shamba la kijiji. Sisi tukapewa Alhamisi.

Nilingoja kugombezwa siku nzima, wala baba hakunigombeza, jambo lililonichanganya zaidi. Alhamisi ilipofika tulikaa kando ya mfereji, tukisubiri wa juu wamalize.

"Mimi mwenyewe niliambiwa tu," alisema baadaye. "Aliyeniambia ni babu yako. Naye alikuwa mtu wa kujisifu."

"Kwa hiyo hakuichimba?"

"Nimesema hivyo?"

Sikujua kama ananitania. Maji yakaja, membamba, akainuka kuyaelekeza kwenye migomba.