Kipimo cha Ekseli

Nakumbuka siku moja, mwanangu, siku aliyoolewa dada yangu Kabula. Ilikuwa miaka ya sabini, wazazi wetu wamehamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Nikiikumbuka siku ile hucheka peke yangu hadi mbavu zikauma.

Beringi za mkokoteni wetu, uliokuwa umpeleke Kabula kwa wakwe, zilikuwa zimesagika. Baba akaenda Mbeya mjini, akarudi mikono mitupu; dukani hakuna. Na mikokoteni mingine kijijini ilikuwa imelala ikingoja beringi hizo hizo. Nikamwambia, "Baba, beringi si tundu tu la kuzungukia? Nitachonga ya mti."

"Chonga," akasema. "Cha kuazima hakisitiri matako. Ila ncha za ekseli, pale magurudumu yanapoingia, usibadilishe unene. Hapa kijijini tulikubaliana ziwe sawa, gurudumu la mmoja limfae mwenzake."

Beringi nilizichonga vizuri, za mti mgumu, nikazichemsha katika mafuta ya ng'ombe. Lakini ujana, mwanangu! Ekseli ya zamani ilikuwa imelika, nikachonga mpya, nene kuliko zote kijijini, na matundu ya magurudumu yetu nikayapanua. Nilidhani nimeiboresha.

Siku ya harusi Kabula akapanda mkokoteni, amependeza. Ngoma mbele, vigelegele nyuma. Magurudumu hayakulia hata kidogo, nami nikatembea kifua mbele kando ya maksai. Kufika kwenye mfereji wa mpunga, gurudumu moja likagonga jiwe, likapasuka.

Jirani yetu, Baba Neema, akakimbia kuleta la kwake. Tukasukuma, tukagonga, wapi! Akainama kuitazama ekseli.

"Fundi, hii ulimpimia tembo?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi natafuta pa kujificha. Jua linapanda, wakwe wanangoja, na wakwe wenyewe si watu wa mzaha.

Kabula akasema, "Basi nitatembea." Shangazi akaja juu: bibi harusi akanyage tope? Vijana wakamkalisha kwenye kigoda, wakamnyanyua mabegani, wakavuka naye mfereji wakiimba. Wakwe walipomwona anakuja hivyo juu juu wakadhani ndiyo mila yetu, wakapiga makofi mpaka basi. Mwaka uliofuata mabinti wa pale wote walitaka kubebwa.

Jioni Baba aliniita. "Kuchonga hukukosea. Kesho wenzako watakuja uwafundishe zile beringi. Ulikosea kugusa kipimo cha watu wote."

Sasa nasikia huko kazini kwako Ipogolo unabishana na wenzako wa kompyuta: kile kipande kidogo kinachofanya programu mbili zielewane, mkiandike wenyewe, au mchukue kilichoandikwa na wengine? Mwanangu, kikiwa kidogo na umekielewa mpaka ndani, andika. Hutakaa ukingoja fundi wa mbali usiyemjua. Kikiwa kizito, kama zile kufuli za siri mnazozitaja, za kuficha maneno ya watu yasisomwe, chukua kwa waliozeekea kazi hiyo. Ujuzi wa wengi si aibu. Lakini uandike au uchukue, yale mliyokubaliana na wenzenu yafuate neno kwa neno, hata ukiona yako ni mazuri zaidi. Na ujaribu na jirani mapema, kabla watu hawajakusanyika.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe marafiki wanaokuambia kweli wakicheka, na kazi yako iwafae hata wasiolijua jina lako.