Nilifungua bahasha ya maoni ya wanafunzi, na mtoto mmoja akanyamaza

Wakuu, wakubwa shikamooni, na nyie wadogo zangu nawasalimu.

Mimi ni mzee mstaafu, nipo Nsemulwa hapa Mpanda. Elimu yangu ni form four na kozi ya ualimu, msitegemee maneno makubwa. Ninachoandika kilitokea, na mkosaji ni mimi. Majina tu nimebadilisha.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilifundisha shule ya msingi upande wa Usevya. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, na somo langu ni Kiingereza.

Akaletwa mwalimu kijana, nimwite Madam Neema. Alikuwa anajiendeleza chuoni na alitakiwa kufanya research darasani kwangu: afanye nini ili watoto waongee Kiingereza bila woga. Watoto wetu nyumbani ni Kipimbwe au Kisukuma, halafu Kiswahili. Kiingereza kinakuja mwisho, tena kimechoka.

Akawaweka wawili wawili. Wakaulizana bei ya mchele, wakaelekezana njia ya kwenda mashineni. Baada ya wiki chache darasa likawa kama gulio. Nilipita dirishani nikasikia hata wale niliozoea kuwaita magogo wanaongea.

Sitawaficha, iliniuma.

Kisha akakusanya feedback. Kila mtoto kipande cha karatasi, bila jina, aandike kinachomsaidia kuongea na kinachomzuia. Akawaahidi mbele yangu kwamba hakuna atakayejua nani kaandika nini.

Siku hiyohiyo akapigiwa simu, mwanawe anaumwa Mpanda mjini. Akanikabidhi bahasha.

"Mwalimu, wewe ni kama baba yangu. Nifungie kabatini, nakuomba usiifungue."

"Nenda mwanangu, usiwe na wasiwasi."

Bodaboda yake haijatoka uwanjani, nikaifungua.

Walimu wenzangu hapa mtanielewa. Ukishasahihisha madaftari ya watoto kwa miaka, karatasi isiyo na jina haipo. Huyu anakandamiza kalamu mpaka inatoboa, yule mistari yake inapanda mlima. Nilikuwa kama nasoma orodha ya mahudhurio.

Karatasi moja ilisema: "Naogopa kuongea kwa sababu nikikosea mwalimu wa darasa ananiigiza na wenzangu wananicheka. Kwa Madam siogopi."

Ilikuwa ya Pelagia. Binti mpole, anakaa na bibi yake, tena alikuwa msomaji kwenye misa ya watoto.

Na aliandika kweli. Alikuwa na kawaida ya kuvuta pumzi kabla ya kila sentensi, nami nilikuwa naivuta kama yeye, macho juu, darasa linavunjika mbavu. Nilijidanganya kwamba nachangamsha kipindi.

Kesho yake nikaingia na karatasi mkononi.

"Pelagia, simama. Kumbe mimi nakuigiza?"

Akasimama, macho kwenye dawati.

"Sema basi, si unajua kushtaki? Tena sema kwa Kiingereza."

Akavuta pumzi. Huko nyuma mtu akadakia, "Lori linapanda mlima hilo!" Wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka.

Hakuna neno lililotoka. Baada ya kipindi nikairudisha karatasi kwenye bahasha, nikaifungia kabatini.

Madam aliporudi akakuta darasa limekufa. Akagawa karatasi upya, ajue kulikoni. Zote zikarudi na maneno yanayofanana: walimu wetu wanafundisha vizuri, hakuna shida.

Akanijia na bahasha mkononi. "Uliifungua, mwalimu?"

"Si umeikuta kabatini?"

Hakuuliza tena. Na hakuniita baba tena.

Haikuishia hapo. Yule bibi akaja shuleni kwa miguu.

"Mwalimu, mjukuu wangu amekataa kusoma kanisani. Katekista amembembeleza, wapi! Hata nyumbani anajibu kwa kichwa. Kuna nini huku kwenu?"

"Ni umri tu, mama. Mabinti wakikua wanakuwa na aibu."

Akanishukuru. Akaondoka akiniamini.

Wakuu, kosa la darasani lilikuwa la hasira. Hili la kwa bibi nililifanya akili ikiwa imetulia, na ndilo linaloninyima raha. Siku ile ningesema neno moja, mtoto angeweza kupona.

Mwaka jana nilifunga safari kumtafuta. Sasa ni mama wa mtoto mmoja, nikamkuta anaanika mpunga. Nikamweleza yote: kwamba bahasha niliifungua mimi, kwamba alichoandika kilikuwa kweli.

Alinisikiliza ameinama. Halafu akasema, taratibu sana, "Nisamehe mimi, mwalimu. Bora nisingeandika."

Nikamwambia hapana, wewe uliandika vizuri, mkosaji ni mimi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kugeuza mpunga. Sikuona kama maneno yangu yameingia popote. Nilikuwa nimechelewa.

Nilichojifunza ni hiki: ukimwomba mtoto akuambie ukweli, usimtafute aliyeusema. Tazama ulichoambiwa, basi. Mimi nilidhani natetea heshima yangu, kumbe nilikuwa nawafundisha watoto arobaini na kitu kwamba ukweli unaadhibiwa. Somo hilo walilielewa kuliko yote niliyowahi kuwafundisha.

Walimu mlio kazini, mnapokeaje maoni ya wanafunzi? Na nyie mliowahi kuchekwa darasani, sauti ilirudi? Nani aliirudisha?

Semeni chochote. Hata mwenye kunilaumu anilaumu. Safari hii nitasoma na kunyamaza.