Ndoa Niliyofungiwa Nikiwa Kazini

Baba alinipigia simu nikiwa ofisini Markham, Kanada, Ijumaa asubuhi, kompyuta ndiyo kwanza inawaka. Nyuma yake nilisikia vigelegele.

"Hongera, mwanangu. Leo baada ya Alasiri nimekuozesha."

Nilidhani anatania. Mchumba nilikuwa naye kweli, kijana wa kwetu Tanga, na baba, akiwa walii wangu wa kuniozesha, nilishamwambia nimeridhika. Lakini tulipatana nikaha isubiri mpaka nipate ukaazi wa kudumu.

"Baba, si tulisema tusubiri?"

"Tusubiri nini? Hii ni ya dini tu. Za serikali mtafanya wenyewe. Kwani huko ndoa ni kosa?"

Ndoa si kosa. Shida ilikuwa Jumatatu. Jimbo la Ontario lilikuwa limeniteua kwa ujuzi wangu na kwa udhamini wa mwajiri, serikali kuu ikakubali, na Jumatatu hiyo nilitakiwa ofisi ya uhamiaji kukamilisha. Maombi yangu yote yalisema sijaolewa. Afisa lazima angeuliza kama hali imebadilika. Nikisema ndiyo, faili linarudi nyuma mpaka mume naye apimwe afya. Nikikana, naondoka na ukaazi siku hiyo hiyo, ila mume niliyemficha sitaweza kumleta tena.

Mkenya niliyepanga naye chumba mtaa wa Mount Dennis hakuona tatizo.

"Wewe chukua ukaazi wako, nyamaza. Nani huku anajua Tanga kulikuwa na harusi?"

Jumamosi na Jumapili chakula kilinishinda kwa hasira. Baba ndiye mtu mwenye subira kuliko wote nyumbani kwetu, fundi akimzungusha mwaka mzima hapandishi sauti. Ameshindwaje kungoja siku tatu? Na tarehe nilimtajia mwenyewe!

Jumatatu nilipanda basi kwenda uhamiaji. Niliingia bado sijaamua. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, na swali lake lilikuja upesi kuliko nilivyotarajia. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilitaka kuishi huku miaka mingi.

"Imebadilika," nikasema. "Nimeolewa Ijumaa."

"Wapi?"

"Tanzania."

Akafungua pasipoti yangu, akatafuta muhuri wa safari, hakuuona.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini. Markham."

Hakucheka. Alinieleza taratibu kwamba leo haitawezekana, nitaandikiwa. Kisha akanionya nisitoke Kanada kwa sasa, maana viza yangu ya kuingilia ilishakwisha na nikitoka naweza kukwama huko.

Nje, kando ya barabara, nikampigia mume wangu. Ilikuwa mara ya kwanza naongea naye akiwa mume, na nilikuwa nimefura.

"Bwana harusi, zawadi yako ya kwanza hii hapa: nenda kapige picha ya kifua."

Nikamsikia akisogea pembeni.

"Nitakwenda. Lakini sasa hivi niko hospitali na baba yako."

"Baba ana nini?"

"Ana uvimbe tumboni. Kesho asubuhi anapasuliwa. Alitukataza tusikwambie, eti utashindwa kazi. Alisema haingii kupasuliwa kabla hajakuozesha kwa mkono wake."

Nilimwomba ampe simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeupata huo ukaazi?"

"Bado kidogo."

"Basi ukiupata tu, uje."

Miezi iliyofuata niliishi na simu mkononi. Kila ikilia nilitaka iwe uhamiaji, nikiogopa isije ikawa Tanga. Mume wangu alipima afya, akatuma kila alichoambiwa, na kila Jumapili aliniambia baba anakunywa uji vizuri. Mwenzangu wa chumba aliacha kunipa ushauri.

Ukaazi ulitoka baridi ilipoanza kuachia, na mume wangu akiwa ametajwa ndani yake. Wiki hiyo hiyo nilipanda ndege. Mama hakuja uwanjani kunipokea. Alikuwa ndani, amekaa eda ya baba.