Aliyemuuguza Wakili Tarrell

Elieth amempangusa vumbi Wakili Tarrell kwa miaka kumi na mmoja. Marehemu alikuwa mwanasheria na mbunge huko Maryland, Marekani, akafariki mwaka 1859, na nyumba yake sasa ni makumbusho madogo. Elieth, mzaliwa wa Same, hupanda mabasi mawili kutoka Langley Park kwenda kuisafisha.

"Marehemu wako hajambo?" jirani yake Adela humtania.

"Hajambo. Jana niliipangusa pua ya sanamu yake."

Mtembeza wageni alipostaafu, Elieth aliiomba ile kazi. Bwana Peterson, msimamizi, akamwambia aje Alhamisi amsimulie maisha ya wakili kama anavyosimuliwa mgeni. Asiporidhika, atamtafuta mtu mwingine.

Mbele za watu Elieth hakuwahi kusema lolote, ila kusoma wasifu wa marehemu misibani. Basi Alhamisi akaufuata utaratibu uleule.

Alisema marehemu alizaliwa mwaka 1801, mtoto wa fundi viatu. Sheria aliijua kwa kunakili nyaraka za wakili mwingine. Alimtetea mjane aliyenyang'anywa shamba, akashinda, jina likavuma. Alijaliwa watoto wanne, wawili wakamtangulia. Alichaguliwa bungeni mara mbili. Ya tatu akashindwa kwa kura kumi na tisa, akanuna mwaka mzima.

Bwana Peterson akacheka. Elieth akapata nguvu.

"Ndipo kifua kikaanza kumsumbua. Aliuguzwa miezi saba na Hester, mpishi, aliyekuwa mtumwa wake. Kwenye wosia akamwachia mkewe vijiko vya fedha, pamoja na Hester mwenyewe. Mimi marehemu nampenda, lakini hapo alikosea."

Bwana Peterson alivua miwani. "Hayo hayamo kwenye maelezo yetu."

"Yamo kwenye barua ya mkewe na kwenye wosia, mle kwenye kabati la kioo. Kile kioo nakifuta kila Jumanne, bosi."

"Na kwa nini umeyataja?"

"Kwetu wasifu hauishi bila kumtaja aliyemuuguza marehemu. Ukimruka, msiba mzima utakuuliza."

Bwana Peterson alilisogelea kabati, akainama, akasoma barua, kisha wosia. Elieth alisimama akikunja na kukunjua kitambaa chake, akijua kazi ameshaikosa.

"Utaanza Jumamosi," alisema hatimaye, bado kainama. "Na habari za Hester usiziruke."

Bwana Peterson alipoondoka, Elieth alikwenda kwenye kioo, akafuta alama ya pua aliyoiacha bosi.