Siku Dada Wakesho Alipokataa

Juzi mjukuu wangu alikuwa akitazama filamu ya shujaa wa Kijapani anayegeuka mara moto, mara maji, kuwatetea wadogo zake. Nikakumbuka alasiri moja Voi, sebuleni kwa jirani yetu Mama Zuhura, penye harufu ya mafuta ya taa na viazi karai. Shujaa kama huyo alikuwa kwenye video. Dada yangu Wakesho, aliyetulea tangu mama afariki, alikuwa amenipakata.

Baba mdogo akaingia bila hodi, akaizima televisheni.

"Yule mzee wa Bomeni anataka jibu leo," alimwambia Dada.

Mikono ya Dada ililowa jasho. Nilidhani anageuka maji, nikaishika kwa nguvu asije akamwagika. Leo najua alikuwa akiogopa.

"Mwambie sitaki kuolewa naye."

"Mbwa wewe! Na hawa wadogo zako atawalisha nani?"

"Mimi."

Baba mdogo alimtukana mpaka Mama Zuhura akaniziba masikio, kisha Baba mdogo akatema mate mlangoni akaondoka. Hakukanyaga kwetu tena. Dada alipokuja kuolewa na mwanamume aliyemtaka mwenyewe, sisi wadogo zake ndio tuliokaa kwenye viti vya wazee wa bibi harusi.