Uji wa Ukutani

Fundi wa ukuta wa kale wa mji wa Guangzhou, Uchina, hana haraka na mtu. Kila asubuhi Sihaba, mchuuzi wa nguo kutoka Unguja, akikatiza bustani ya Yuexiu, humkuta amechuchumaa pale pale ukutani, akigonga tofali kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama anayebisha hodi. Likiitika vizuri, hulipapasa na kuliacha. Likiitika vibaya, hulinong'oneza, kisha hulitoa kwa mikono miwili kama mkunga. Kucha zake zimeliwa na chokaa.

Ramadhani ile ya mwaka 1998 Sihaba alimkuta anakoroga sufuria ya uji wa mchele. Akatabasamu: kumbe hata huku upo uji wa futari! Mara fundi akaumimina wote ndani ya chokaa.

"Mtume! Mzee, uji wa watu huo!"

Fundi hakuelewa neno, ila uso aliuelewa. Akacheka, akampa msumari, akamwonyesha uzi mweupe wa chokaa ulioshikanisha matofali ya zamani. Sihaba akakwaruza. Msumari ukateleza, miaka mia sita haikutoa hata vumbi. Fundi akaonyesha sufuria, akaonyesha ukuta, akachekelea tena.

Sihaba alisahau nguo. Nyumba ya baba yao kule Mkunazini, Unguja, ilikuwa imeinama, na Idi ikipita ingebomolewa. Akakimbilia kibanda cha simu.

"Gharib, kaka yangu, msibomoe. Rowekeni chokaa. Uji nakuja nao mimi."