Taa ya Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa Tanga, na kabla ya kuletwa Rungwe sikujua kwamba mtu anaweza kuvaa masweta mawili mwezi wa sita na bado akatetemeka. Nililetwa na kazi. Ghala moja la parachichi upande wa Kyimo lilikuwa limenunua foklifti mbili, mashine za kunyanyulia na kubebea mizigo, zinazojiendesha zenyewe, na mambo hayo ndiyo niliyosomea. Nikapewa ofisi yenye dirisha la kioo linalotazama ghalani, kompyuta, na birika la chai. Lile birika ndilo lililonizuia nisirudi kwetu.

Wafanyakazi waliziita mabubu. Foklifti ya zamani ilikuwa ya gesi, ikinguruma na kupiga honi toka asubuhi mpaka jioni, na hizi mpya zinatumia betri na kupita kimya. Jina hilo liliniudhi, maana humo ghalani hakuna chenye maneno mengi kuliko hizo mashine. Kila moja ina jicho la leza juu, linazunguka likitafuta vibao vinavyong'aa tulivyobandika ukutani, na kwa kupima umbali wa vibao hivyo inajua ilipo. Halafu kutwa nzima inatuma habari kwa waifai: nipo hapa, nimebeba hiki, chaji imebaki kiasi hiki, mbele yangu kuna kitu nimesimama. Lakini haziambiani zenyewe kwa zenyewe. Kila moja inaiambia seva, ile kompyuta iliyokuwa ofisini kwangu, na seva ndiyo inayoiambia nyingine: ngoja kwanza, mwenzio anakata kona. Nilikuwa nawaeleza watu mambo hayo hata wasiponiuliza.

Msimu ulipopamba moto zikaanza nukta nyekundu. Foklifti ikisimama kwa ghafla, nukta inatokea kwenye skrini mahali pale iliposimama, na mashine haisogei tena mpaka mtu aende kuikagua. Nukta hizo zikawa zinarundikana mahali pamoja tu, kwenye kona ya kutoka chumba cha kufungashia kwenda chumba cha baridi. Maboksi yakakaa foleni, na malori nje yakawa yanangoja. Parachichi nalo halina subira, likiamua kuiva limeamua.

Meneja wetu, kijana wa Dar es Salaam, akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Kuna mtu anaingia kwenye njia ya foklifti," akasema. "Nitafutie ni nani. Huyo anaondoka leo leo. Sitaki mtu afie humu ndani."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na aliyeogopa hufukuza kwanza, huuliza baadaye.

Nikashuka nikaenda kusimama pale konani, nimekunja mikono. Haikuchukua muda. Akatokea mama mmoja wa kufungasha, bado kijana, amebeba kreti tupu kiunoni. Upande wa pili akaja mzee akivuta toroli la mkono lenye paleti ya maboksi. Yule mama alipomwona tu, akainamisha kichwa, akageuka, akaruka pembeni, moja kwa moja kwenye njia ya manjano iliyochorwa kwa ajili ya foklifti. Foklifti ikasimama mbele yake, karibu kabisa.

"We dada, una wazimu?" nikapiga kelele. "Unataka ikusage?"

Alibaki amempa mgongo yule mzee mpaka toroli likaingia kwenye chumba cha baridi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Msimamizi wa wafungashaji, mama mtu mzima wa hapo hapo Kyimo, akanivuta kando.

"Madam, usimgombeze bure. Yule ni baba mkwe wake. Kwetu sisi Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Akimwona anakuja, anampisha."

"Hata kazini?"

"Kwani heshima tunaiacha getini?"

Nikasema moyoni, makubwa haya, madogo yana nafuu. Nikauliza mbona zamani hapakuwa na shida. Akacheka. Zamani, akasema, yule mzee ndiye aliyekuwa dereva wa foklifti ya gesi, na kila akikaribia ile kona alikuwa anapiga honi mara mbili. Wakubwa walimsifu kwa kujali usalama. Kumbe alikuwa anambishia hodi mkwewe, ili ajifiche nyuma ya nguzo. Mashine zetu zilipokuja foklifti ya gesi ikauzwa, mzee akapewa toroli lenye magurudumu ya mpira, na honi ikaenda na foklifti yake.

Siku hiyo nilirudi ofisini nikiwa na hasira, na sikujua nimemkasirikia nani. Mume wa yule mama, ambaye ndiye mtoto wa mzee, alikuwa amefariki. Kijijini kwao Lufingo kulikuwa na watoto wadogo waliokula kwa mikono ya mama yao. Na mimi nilikuwa na jina lake, meneja akilingoja.

Sikuwa hata nimemimina chai, mzee akabisha mlangoni. Kofia ameishika mkononi.

"Mwanangu, mwambie bosi ni mimi ndo naingia njiani. Mzee, macho hayaoni. Mimi nikiondoka si neno. Yule abaki, ana wajukuu zangu."

"Mzee wangu, skrini inaonyesha..."

"Skrini inamjua mtu?"

Haimjui. Inaonyesha kitu kimesimama mahali fulani, basi. Nikamwambia anipe mpaka kesho. Akasema, "Ndaga fijo," shukrani kubwa ya kwao, akatoka. Hazikupita dakika nyingi akaingia yule mama, akasimama kwenye kizingiti.

"Madam, nimesikia baba amekuja huku. Tafadhali mwambie asijitoe. Amefanya kazi hapa muda mrefu. Kama ni kuondoka, niondoke mimi."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?" Swali la kipumbavu, limeshatoka mdomoni. Akatabasamu kidogo, akaangalia chini.

Alipoondoka nikakaa nikiangalia foklifti zangu kupitia kioo. Moja ilikuwa imesimama ikingoja nyingine ipite. Hazikutazamana wala hazikuambiana kitu. Zilikuwa zimeniambia mimi, yaani seva yangu, na mimi nimeambia upande wa pili. Mzee na mkwewe walikuwa wamefanya hivyo hivyo muda mfupi uliopita, mbele ya birika langu. Nikajisikia kucheka na kulia kwa pamoja.

Kulikuwa na kifaa cha ziada kabatini, kidogo kama kiberiti, ambacho foklifti huvaa ili seva iijue. Nikakifunga kwenye toroli la mzee. Nikakiandikisha kwenye mfumo kama foklifti ya tatu. Pale konani tulishaweka taa ya buluu juu ya nguzo, inawaka foklifti ikikaribia; nikaiagiza iwake na kumemeta kwa ajili ya hii ya tatu peke yake. Kisha nikaenda kumwambia yule mama: taa ikimemeta, ni baba. Nyuma ya nguzo pana nafasi, njia ya manjano usiikanyage. Mzee nikamwambia tu kwamba toroli lake sasa lina honi isiyo na kelele.

Asubuhi iliyofuata nilimweleza meneja kila kitu. Alishika kichwa, akasema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, lakini akanipa wiki moja. Wiki ikapita bila nukta nyekundu hata moja kwenye ile kona. Jina la yule mama halikutajwa tena.

Ila jambo moja sikulipanga mimi. Nilidhani mzee ataipita kona moja kwa moja, kwa kuwa taa imeshasema. Kumbe kila akifika pale, toroli lake husimama kidogo, hata kama hakuna foklifti wala mtu, ndipo linaendelea. Mfumo unaliandika kwa rangi ya manjano: imesimama, sababu haijulikani.

Juzi meneja aliiona ile safu ya manjano kwenye skrini.

"Hii ya tatu mbona inasimama kila mara? Inatuchelewesha. Huwezi kuirekebisha?"

Nikaangalia kupitia kioo. Taa ya buluu ilikuwa inamemeta. Mzee amesimama na toroli lake, uso ameuelekeza ukutani. Nyuma ya nguzo ilionekana ncha ya kitenge na kona ya kreti, vimetulia.

"Hiyo iache," nikamwambia. "Ni nzima."